Uwanja wetu wa mikwaju umepigwa vigingi: bila hati tunaweza kuuokoa?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mkazi wa kijiji kimoja Mkoa wa Pwani, pembeni ya barabara ya lami. Katikati ya kijiji tuna uwanja wa kama ekari sita wenye mikwaju na miembe, unaoteremka hadi kijitoni. Mikutano yote tunafanyia hapo, watoto wanachezea mpira, kikundi chetu cha vikoba kinakaa hapo kila Jumamosi, na kila mwezi wauguzi wanatundika mizani kwenye mkwaju mkubwa kupima watoto uzito. Wiki mbili zilizopita walikuja wapimaji wakapiga vigingi. Mwenyekiti anasema halmashauri ya kijiji imekaa na kukubali vikatwe viwanja vya makazi, pesa ijenge ofisi. Mkutano mkuu hatukuitwa. Wazee wanasema uwanja upo tangu Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970, lakini karatasi hatuna. Vijana wanapanga kwenda usiku kung'oa vigingi. Je, bila hati tunaweza kuuokoa? Tuanzie wapi?

JIBU: Dada yangu, anza na hao vijana, leo hii. Waambie wasiguse kigingi hata kimoja. Kung'oa alama ya upimaji ni kosa la jinai, na wakishakamatwa habari ya uwanja itasahaulika, kijiji kizima kitabaki kushughulikia dhamana. Tena vigingi hivyo ni ushahidi wenu. Kipigeni picha kila kimoja kwa ukaribu, namba yake ikionekana kama ipo, kisha rudini nyuma hatua kumi mpige nyingine ambayo mti au nyumba ya jirani inaonekana nyuma yake. Washeni huduma ya mahali (location) kwenye simu ili picha zibebe majira ya nukta, yaani namba zinazoonyesha mahali hasa zilipopigwa. Andikeni tarehe na majina ya waliokuwepo.

Sasa hilo la hati, kwa sababu naona ndilo linalowavunja moyo. Hamhitaji hati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inagawa ardhi ya kijiji katika mafungu matatu: ardhi ya pamoja inayotumiwa na jamii nzima, ardhi iliyo mikononi mwa watu na familia, na ardhi ya akiba. Kifungu cha 13 ndicho rafiki yenu. Kinasema ardhi iliyokwisha kutengwa na kijiji kwa matumizi ya umma kabla ya sheria hiyo inahesabiwa kuwa ardhi ya pamoja, na hivyo hivyo ardhi ambayo wanakijiji wamezoea kuitumia, au kuiona, kuwa ni ya wote. Mazoea yenyewe yana nguvu ya kisheria. Mizani iliyotundikwa mkwajuni kila mwezi ni hoja. Vikoba vya Jumamosi ni hoja. Ligi ya vijana, Maulidi, mikutano ya kampeni, ugawaji wa vyandarua, vyote ni hoja, ilimradi mviweke katika maandishi.

Kwa hiyo kabla hamjaandika barua yoyote kali, kusanyeni mazoea hayo. Kaeni na wazee watatu au wanne waliokuwepo wakati wa Operesheni, kila mmoja aeleze peke yake: nani aliutenga uwanja, nani alipanda miembe, mpaka ulipita wapi. Mwandike, mmsomee, aweke sahihi au dole gumba. Mwulizeni muuguzi wa zahanati kama daftari lake la kliniki ya mkoba linataja mahali. Vikoba vyenu vina daftari la mahudhurio, basi na hilo litoeni nakala. Picha za zamani za harusi mara nyingi zina uwanja nyuma yake. Nimeona kesi ya mpaka ikiamuliwa kwa picha ya bibi harusi amesimama kando ya mti ambao upande wa pili ulidai haujawahi kuwepo.

Tuje kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji. Hapa watu huchanganya vyombo viwili, na wapo viongozi wanaonufaika na mchanganyiko huo. Halmashauri ya kijiji ni wajumbe 15 hadi 25. Mkutano mkuu wa kijiji ni ninyi wote mliofikisha miaka 18. Kifungu cha 8 cha sheria ile ile kinaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi kama mdhamini anayetunza mali ya watu wengine, na kinaikataza kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu iliyotangulia. Sisitiza neno hilo: iliyotangulia. Kugawa kwanza na kuitisha mkutano baadaye ili upige muhuri si utaratibu. Na kwa ardhi ya pamoja jambo ni zito zaidi, kwa sababu hiyo haiko kabisa kwenye fungu la ardhi ya kugawiwa mtu mmoja mmoja. Mwenye kununua kiwanja hapo ananunua kesi, na ni vizuri wanunuzi walijue hilo mapema. Wengi wao si watu wabaya. Ni walimu na madereva waliochanga akiba yao wakaambiwa kila kitu kiko sawa.

Nendeni basi kwa mtendaji wa kijiji na barua fupi ya kistaarabu, mkiomba nakala ya vitu vitatu: muhtasari wa kikao cha halmashauri kilichoamua, muhtasari wa mkutano mkuu ulioidhinisha kama upo, na ukurasa wa rejista ya ardhi ya pamoja ya kijiji. Barua iwe na nakala mbili, moja agonge muhuri wa kupokea mrudi nayo. Akikataa kugonga, andikeni hapo hapo tarehe, saa, na waliokuwepo.

Ukiupata muhtasari wa mkutano mkuu, usiishie kusoma maamuzi tu. Fungua kurasa za mahudhurio. Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye kijiji kimoja nikisaidia kutatua mgogoro kama huu. Uongozi ulileta muhtasari safi wenye majina zaidi ya mia moja na sahihi. Tulilizungusha lile daftari mkono kwa mkono, hakuna aliyeona tatizo, hadi likamfikia mama mmoja muuza maandazi. Akapitisha kidole kutoka juu hadi chini, akauliza, "Mbona tumeanzia na A, tukamalizia na Z?" Ni kweli. Majina yalikuwa yamepangwa kwa alfabeti, Abdallah, Asha, Athumani, mpaka Zuhura. Watu hawafiki mkutanoni kwa alfabeti. Orodha ilikuwa imenakiliwa kutoka kwenye orodha nyingine. Ugawaji ule haukufika mbali baada ya siku hiyo.

Kuna jambo moja ambalo lazima mlihakikishe mapema, maana likiwa tofauti njia yote inabadilika. Umesema mpo kando ya lami. Vijiji vingi vya namna hiyo vimeingizwa kwenye eneo la mipango miji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na wakazi wenyewe hawana habari. Nendeni ofisi ya ardhi ya halmashauri ya wilaya, muulize mambo mawili: je, kijiji chetu kimetangazwa kuwa eneo la mipango miji, na je, kuna mchoro wa mipango miji unaogusa uwanja huu? Kama mchoro upo, ombeni kuuona. Uwanja ukiwa umeandikwa eneo la wazi, kuufanya makazi ni kubadili matumizi, na hilo lina hatua zake na mamlaka yake, haliamuliwi na mwenyekiti na wajumbe wake chini ya mwembe. Kama mchoro unaonyesha viwanja pale ulipo uwanja, basi pingeni mchoro wenyewe kwa maandishi kwa mamlaka ya upangaji na kwa Kamishna wa Ardhi Msaidizi wa mkoa. Ulizeni pia hapo ofisi ya ardhi uwanja umepimwa na mpimaji gani na kwa maelekezo ya nani. Upimaji halali huwa na mwenye kuuomba, na jina lake lipo kwenye faili.

Ikiwa bado mko kijiji kamili, sheria imewapa mlango ambao watu wachache sana wanaujua. Wanakijiji wasiopungua 100 wanaweza kulalamika kwa halmashauri ya wilaya kwamba halmashauri ya kijiji haisimamii ardhi inavyotakiwa, na halmashauri ya wilaya inapaswa kulishughulikia lalamiko hilo. Likishindikana huko linaweza kufika kwa Kamishna wa Ardhi, na mwishowe halmashauri ya kijiji inaweza hata kunyang'anywa usimamizi. Mia moja si watu wengi kwa kijiji kama chenu. Barua iende kwa Mkurugenzi Mtendaji wa wilaya, nakala kwa Mkuu wa Wilaya na diwani, ikiwa na majina, vitongoji na sahihi. Wekeni wanawake na vijana juu kabisa ya orodha, kwa sababu ndio wanaoutumia uwanja kila siku na mara nyingi ndio wanaosahauliwa.

Wengi wangekushauri uanzie baraza la ardhi la kijiji. Kwa mgogoro wa jirani na jirani ningekubali. Lakini wajumbe wake saba hupendekezwa na halmashauri ya kijiji ile ile mnayoilalamikia, ingawa mkutano mkuu ndio huwaidhinisha, na kazi yao ni kusuluhisha tu. Sioni mkipata mengi pale.

Mahakamani iwe hatua ya mwisho, na mkifika huko mtafute wakili au msaidizi wa kisheria, maana mimi ni mpanga matumizi ya ardhi. Ila mjue mambo mawili yanayoangusha kesi nyingi kabla hazijasikilizwa. La kwanza, kuishtaki halmashauri ya kijiji kunahitaji ilani ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. La pili, watu wengi wakifungua kesi kwa niaba ya kijiji lazima waombe kibali cha mahakama cha kuwawakilisha wenzao. Siku 90 ni nyingi wakati greda limeshawashwa, kwa hiyo mwulizeni wakili kuhusu kuomba Mahakama Kuu zuio la muda wakati ilani ikiendelea. Hilo linawezekana na limeshatolewa mara nyingi.

Kijito ulikitaja kwa kupita, lakini mimi kimenishika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 nayo inalinda umbali huo kwenye vyanzo vya maji. Chukueni futikamba, anzieni ukingoni, hesabuni mita 60 kupanda juu, muone ni vigingi vingapi viko ndani. Ekari sita ni zaidi kidogo ya mita za mraba 24,000. Tuseme upande wa kijito una urefu wa mita 150: ukanda huo peke yake unachukua mita za mraba 9,000, zaidi ya theluthi moja ya uwanja. Iombeni ofisi ya bonde la maji, inayosimamia mito na vyanzo vya maji vya eneo lenu, ije ithibitishe hadhi ya kijito. Barua yao ikisema ndiyo, theluthi hiyo haijengwi na mtu yeyote, hata mkutano mkuu ukitaka.

Mkifanikiwa kusimamisha viwanja, msirudi nyumbani kulala. Uwanja usio kwenye rejista utapigwa vigingi tena na mwenyekiti mwingine. Katika mkutano mkuu unaofuata, na sheria inataka uwepo kila miezi mitatu, pendekezeni uwanja uandikwe rasmi kuwa ardhi ya pamoja, ukiwa na mipaka na matumizi yake. Kisha ombeni halmashauri ya wilaya iwasaidie kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji kwa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007. Kazi hiyo naipenda kuliko zote. Watu wanachora kijiji kwa kijiti mchangani, kokoto ndizo nyumba, majani ndiyo msitu, na hapo ndipo anayejua njia ya maji ya mvua huwa ni mtoto mchunga mbuzi. Mpango ukipita mkutano mkuu, tungeni sheria ndogo inayotaja uwanja kwa jina. Huko Babati, vijiji vilivyouzunguka msitu wa Duru-Haitemba vilifanya hivyo katika miaka ya 1990: vikaweka mipaka, sheria ndogo na walinzi wao wenyewe, na msitu ukabaki mikononi mwa vijiji.

Na ofisi? Nakusihi msiidharau hoja hiyo. Kijiji kinahitaji ofisi, na vijana wenu wanahitaji pa kujenga. Mkienda mkutanoni na neno "hapana" tupu, mwenyekiti ataonekana ndiye mwenye maendeleo. Nendeni na mchoro unaoonyesha ardhi ya akiba iko wapi, viwanja vingapi vinaweza kukaa huko, na barabara itapita wapi. Ofisi yenyewe inaweza kukaa kwenye kona ya uwanja bila mkwaju hata mmoja kuanguka, kama mkutano mkuu ukiridhia.

Mkipata nakala ya muhtasari, nitumie picha ya ukurasa wa maamuzi na kurasa zote za mahudhurio, nami nitazisoma. Na utakapopima kutoka kijitoni, anzia ukingo wa maji yanapojaa wakati wa masika, usianzie pale yalipo sasa.