Maswali ya Wasomaji: Bega Linalopanda Katika Sanchin

SWALI: Ninajifunza Goju-ryu, mtindo mmoja wa karate, kwa mwaka wa sita sasa. Kila ninapocheza Sanchin, kata (yaani mfululizo uliopangwa wa miondoko) ya mtindo huo, mwalimu hunigonga bega la kulia na kuniambia nilishushe. Mimi hulishusha, lakini nikifika hatua ya pili huwa limekwisha kupanda tena, na kata inapomalizika ninakuwa nahema. Je, yapo mazoezi ya mabega yatakayoniondolea kasoro hii?

JIBU: Mazoezi ya mabega hayatakufikisha mbali, kwa sababu kosa lako linaonekana begani lakini, kwa kadiri ninavyolielewa swali lako, halianzii hapo. Simama kama unavyosimama baada ya hatua ya kwanza, mguu wa kulia ukiwa mbele na mikono yote miwili ikiwa imekinga, kisha utazame miguu kabla hujayatazama mabega. Kisigino cha mbele kinapaswa kulingana na ncha ya kidole gumba cha mguu wa nyuma, nafasi kati ya miguu iwe sawa na upana wa mabega, na vidole vya mguu wa mbele vielekee ndani kidogo. Wengi hurefusha hatua wakidhani kwamba kusimama kwa kutanua ndiko kusimama imara. Makalio hubinuka nyuma, mgongo wa chini huingia ndani, na kifua hulazimika kuinuka ili kurudisha uwiano. Kifua kikishainuka, bega halina pa kwenda ila juu.

Ukiisha kusahihisha urefu wa hatua, kunja magoti kidogo na uyakaze kuelekea ndani, kisha uingize makalio chini ya kiwiliwili hadi ufundo wa mkanda uelekee juu kidogo. Unapopiga hatua, vidole vya mguu wa mbele vinyooke kuelekea mbele kwanza, ndipo mguu wa nyuma upite karibu nao kwa mwendo wa nusu duara, unyayo ukiambaa sakafuni pasipo kunyanyuka wala kuburura. Mwombe mwenzako akuwekee kiganja juu ya utosi unapotembea: akihisi kichwa kinapanda na kushuka, ajue kwamba unasukuma kwa mguu badala ya kuupitisha.

Halafu kuna kiwiko, na hapa ndipo ninaposhuku zaidi, kwa kuwa bega lako linapanda upande mmoja tu. Mkono uliokinga huacha nafasi ya ngumi moja hivi kati ya kiwiko na mbavu, ngumi yenyewe ikiwa usawa wa bega. Unapovuta ngumi ya kulia ili upige, kiwiko kikitanuka nje hata kidogo, misuli iliyo chini ya kwapa hulegea, na kazi yake huchukuliwa na misuli ya shingo, ambayo haijui kufanya lolote isipokuwa kuinua bega. Kunja taulo dogo, ulibane kwapani, kisha uvute na kupiga polepole. Taulo likianguka, angalia limeanguka wakati gani. Kwa wengi huanguka mwishoni mwa ngumi, mkono unaponyooshwa kupita kiasi na bega kuufuata. Ngumi ya Sanchin huishia kabla bega halijatoka mahali pake.

Kuhusu kuhema, punguza kelele. Pumzi huingia kwa pua ngumi inapovutwa na kutoka ngumi inapokwenda, ikisukumwa na tumbo la chini ya kitovu. Mtu anayeibana kooni kwa nguvu huku akikaza mwili mzima huwa anapandisha shinikizo la damu, na mwenye maradhi hayo aonane na daktari kabla ya kuendelea. Uso ukigeuka mwekundu na mishipa ya shingo kutokeza, hiyo si nguvu, hata kama watazamaji wanaipenda.

SWALI: Katika dojo yetu, yaani ukumbi wetu wa mazoezi, Sanchin ina kugeuka mara mbili. Wengine huicheza bila kugeuka, na wengine kwa viganja vilivyo wazi. Ipi ndiyo sahihi?

JIBU: Zote zina wazazi. Ile ya kugeuka hunasibishwa na Kanryo Higaonna wa Naha, Okinawa, Japani (1853–1915), na ile ya kwenda mbele na kurudi kinyumenyume ni ya mwanafunzi wake, Chojun Miyagi (1888–1953), mwasisi wa Goju-ryu. Viganja wazi ni vya Uechi-ryu, mtindo wa Kanbun Uechi (1877–1948), ambaye naye alijifunza Fujian, China. Cheza ile unayofundishwa. Ila kwa kuwa yenu inageuka, uchunge mguu unaovuka mbele ya mwenzake: umbali unaouvukisha ndio utakaokuwa upana wa msimamo wako ukiisha kugeuka, na anayevuka kidogo hujikuta amebanana miguu, kisha akalazimika kuisogeza tena.