Maswali na Majibu: Lugha ya Pili na Yale Tunayoyaamini

Barua zilizonifikia safari hii kutoka Lamu na Malindi haziulizi kanuni za sarufi. Zinauliza nani anaweza kujifunza lugha, na kwa njia gani. Nazijibu kwa moyo wote, maana nimeona watu wenye akili zao wakiacha kusoma kwa sababu ya imani tu waliyopewa na wengine.

Nina miaka 43, naishi Langoni, Lamu. Nataka kuanza Kiingereza, lakini wifi yangu asema ulimi wa mtu mzima umeshakauka, lugha ni ya watoto. Ni kweli?

Dada yangu, wifi yako amesema nusu ya habari. Mwaka 1967 mtaalamu wa lugha Eric Lenneberg alitoa rai kwamba wepesi wa ubongo kupokea lugha hupungua mtu akishabalehe, na kwa upande wa lafudhi ushahidi mwingi unaelekea huko: aliyeanza mdogo ndiye mara nyingi anayefikia kusema kama mwenyeji. Kasi ya kujifunza ni jambo jingine. Watafiti Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle waliwafuatilia wasemaji wa Kiingereza waliohamia Uholanzi, na matokeo yao ya 1978 yalionyesha kuwa miezi ya mwanzo waliotangulia ni vijana wa miaka 12 hadi 15 pamoja na watu wazima. Watoto wa miaka 3 hadi 5 ndio walioburura mkia. Mtu mzima anajua kusoma, anajua kuuliza sababu, na kama ulipita madrasa ulimi wako ulishazoezwa matamshi magumu kuliko ya Kiingereza. Usihangaikie lafudhi ya London. Anza na maneno ya kusoma barua ya hospitali na ya kuzungumza na mwalimu wa mwanao, kwa kuwa hayo utayatumia wiki hii hii.

Nafundisha Kiingereza shule ya msingi hapa Malindi. Nikiacha kosa lipite, si nitakuwa nimelihalalisha? Na nikisahihisha kila kosa, darasa linanyamaza.

Mwalimu, huko kunyamaza umekuona kwa macho yako, nami naomba ukuhofie zaidi kuliko kosa lenyewe. Mtoto anayesema "goed" badala ya "went" hakulisikia kwako wala redioni. Ameikamata kanuni ya wakati uliopita akaipitisha pasipopitika. Hiyo ni kazi ya akili. Mtaalamu wa lugha Pit Corder aliandika mwaka 1967 kwamba makosa ya namna hiyo humwonyesha mwalimu mwanafunzi amefika wapi, na mwaka 1972 Larry Selinker akaeleza kuwa mwanafunzi huwa na mfumo wake wa katikati, uliokwisha kuiacha lugha ya nyumbani lakini haujaifikia ile anayoilenga.

Hata hivyo sikwambii uyaache yote. Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza madarasa ya msingi huko Kanada ambako watoto walisomeshwa kwa Kifaransa. Mwaka 1997 wakaripoti kuwa njia waliyoitumia walimu zaidi ni kuyarudia maneno ya mtoto yakiwa yamenyooshwa, na mara nyingi mtoto hakurekebisha kitu. Watoto waliporudishiwa swali, au kuachiwa sentensi waimalizie, walijirekebisha wenyewe zaidi. Kwa hiyo chagua kosa la wiki. Kama ni wakati uliopita, shika huo, na mengine yapite mtoto akiwa anasimulia safari yake ya Watamu. Akikosea lile la wiki, usimpe jibu. Mwulize tu, "Jana?" kisha umsubiri. Kusubiri ndiko kugumu, najua, hasa darasa likiwa limefurika.

Na kile kibao ambacho baadhi ya shule humvika mtoto aliyesikika akisema lugha ya kwao, ningependa kitiwe moto leo.

Kaka zangu wanauza vinyago ufukweni na wanakimwaga Kiitaliano bila kukanyaga darasa. Sarufi ina faida gani?

Ndugu yangu, kaka zako wamefanya kazi kubwa. Waitaliano wako kwetu tangu enzi za kituo cha San Marco kule Ngomeni, paliporushwa setilaiti kutoka baharini mwaka 1967, na kila siku ufukweni kuna bei ya kupatana na mzaha wa kujibu. Haja hiyo ndiyo inayokosekana darasani. Lakini waulize kama wanaweza kuusoma mkataba wa kazi ya hoteli kabla ya kutia sahihi. Mtafiti Merrill Swain aliwaangalia wanafunzi wa Kifaransa huko Kanada, akaona kwamba baada ya miaka ya kusikia lugha walielewa vizuri sana ila usemi wao bado ulikuwa na mapengo ya sarufi. Mwaka 1985 akasema wanahitaji pia kusukumwa waseme kwa usahihi. Jifunze ujasiri kwa kaka zako, na sarufi uitafute pale maneno yanapokukwama.

Nimkataze mtoto Kigiriama ili Kiingereza kiingie? (Baba, Gede)

Usimkataze. Ripoti ya Gachathi ya 1976, kuhusu elimu nchini Kenya, ilipendekeza madarasa ya chini yasomeshwe kwa lugha ya eneo la shule, na ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaitaka serikali ikuze lugha za wenyeji. Mzungumzishe Kigiriama kilichoshiba, chenye hadithi na hoja.

Niko kidato cha tatu, Lamu. Kiingereza nakielewa, lakini siongei mbele ya wenzangu mpaka nihakikishe kila neno. Nangoja nikomae.

Mwanangu, hauko peke yako. Elaine Horwitz wa Chuo Kikuu cha Texas alipotunga hojaji ya imani za wanafunzi wa lugha, miaka ya 1980, aliiweka humo imani hii hii: kwamba mtu asiseme kitu mpaka aweze kukisema sawasawa. Mwaka 1986 yeye na wenzake wakaielezea hofu ya darasa la lugha kuwa hofu ya aina yake. Ubaya wa kungoja ni kwamba hutajua unakwama wapi mpaka ufungue kinywa. Tafuta mwenzako mmoja baada ya alasiri, umsimulie jambo unalolijua vizuri, mathalani mashindano ya majahazi, kisha umsimulie mwingine habari hiyo hiyo. Mwombe mwalimu akuite wa pili au wa tatu, usiwe wa kwanza, na akupe dakika ya kuandika mambo makuu kabla hujasimama.