Nilivyobadili Mtazamo Wangu Kuhusu Banksy

Kwa muda mrefu sikuona sababu ya kumsifu Banksy, yule msanii wa mtaani kutoka Bristol nchini Uingereza anayechora bila kujitokeza hadharani. Jina lake lilinifikia likiwa limebebwa na bei. Mwezi Oktoba 2018 mchoro wake wa msichana na puto uliuzwa mnadani London kwa zaidi ya paundi milioni 1, na papo hapo mashine iliyofichwa ndani ya fremu ikaukatakata hadi katikati; miaka mitatu baadaye ukauzwa tena, vipande vikining'inia, kwa takribani paundi milioni 18.6. Nilichukizwa na kishindo kile, na hadi leo hakinivutii.

Lakini bei hutueleza habari za wanunuzi. Mwaka 2013 Banksy aliweka kibanda katika bustani ya Central Park, New York, kazi zake halisi zikiuzwa kwa dola 60 bila tangazo lolote, na mauzo ya siku nzima hayakufika dola 500. Kwa hiyo namshauri yeyote anayesumbuliwa na sifa za msanii kama huyu aziweke kando habari za mnada, kisha aulize mchoro ulikuwa kwenye ukuta gani, lini, na mbele ya macho ya nani.

Mimi niligeuzwa na mchoro uliotokea Mei 2012 huko Wood Green, kaskazini mwa London. Unamwonyesha mvulana aliyepiga magoti mbele ya cherehani akishona bendera za Uingereza, wakati nchi ikijiandaa kuadhimisha miaka 60 ya utawala wa Malkia Elizabeth wa Pili. Mvulana amechorwa kwa rangi, ila bendera zilikuwa za plastiki, za kweli, zimebandikwa ukutani. Nilipouona pichani pekee niliuhesabu kuwa wito mwepesi wa huruma. Nilipojua kwamba ulikuwa ubavuni mwa duka la bidhaa za bei rahisi, katika majira ambayo watu walikuwa wakinunua mapambo ya sherehe ileile, nikaelewa kwamba ulikuwa ukimuuliza mpita njia, mfuko wa manunuzi ukiwa bado mkononi, nani aliyeyashona mapambo aliyoyanunua. Swali hilo halihamishiki. Mwaka 2013 mchoro ulipobanduliwa na kupelekwa mnadani Miami, wakazi walipiga kelele hadi ukaondolewa katika mnada huo, ingawa baadaye uliuzwa London. Nadhani wakazi wale walikuwa wahakiki bora kuliko wengi wetu.

Nilikuwa pia nikimlaumu kwa kutumia stensili, yaani kiolezo kilichokatwa mapema na kupuliziwa rangi, mbinu ambayo Blek le Rat, msanii wa mtaani wa Ufaransa, aliitumia Paris tangu mwaka 1981. Lawama hiyo nimeipunguza, kwa kuwa anayechora bila kibali anahitaji kumaliza haraka, na kuamua nini kikatwe na nini kiachwe ni ustadi wenyewe.

Hata hivyo sijazikubali kazi zake zote. Ule mchoro mkubwa wa mwaka 2009, wenye sokwe waliokalia viti vya wabunge wa Uingereza, ulioneshwa katika jumba la makumbusho la Bristol na kuuzwa mwaka 2019 kwa paundi milioni 9.9. Haukuwahi kuwa na mtaa wake, na kila ninapourudia hauniambii zaidi ya nilichokielewa nilipoutazama mara ya kwanza.