NT-proBNP ya mzee kufika 1,400: msisome namba peke yake

Dada, pole kwa kumuuguza baba. Umesema ana miaka 78, alikimbizwa hospitali akihema, NT-proBNP, kipimo cha damu kinachoonyesha moyo unavyoelemewa, ikatoka 1,400, na karatasi inasema kawaida ni chini ya 125. Mimi namuuguza mama mwenye tatizo la moyo kushindwa kufanya kazi, kwa hiyo hofu yako naielewa vizuri.

Hiyo 125 ni kwa anayekuja kliniki kwa miguu yake, dalili zikiwa zimeanza taratibu. Aliyezidiwa ghafla ana mipaka mingine. Chini ya pikogramu 300 kwa mililita, daktari huanza kutafuta chanzo nje ya moyo. Juu ya hapo anaangalia umri, na namba huelekeza kwenye moyo kushindwa ikizidi mpaka wa umri huo: 450 kwa walio chini ya miaka 50, 900 kwa wa 50 hadi 75, na 1,800 kwa waliozidi 75. Baba yuko katikati, mahali ambapo namba haithibitishi wala haikanushi. Tafadhali msiahirishe kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) alichoandikiwa.

Kuta za moyo zikitanuliwa na shinikizo la damu iliyojaa ndani, seli zake hutoa homoni inayohimiza figo zitoe chumvi na maji. Homoni hiyo hutokana na protini inayokatwa vipande viwili: BNP, ndiyo inayofanya kazi, na NT-proBNP, ambayo haina kazi ila hukaa kwenye damu muda mrefu zaidi. Kwa hiyo yule jirani mwenye BNP 400 msimlinganishe na baba kabisa. Ni vipimo viwili tofauti.

Umri, figo dhaifu na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio hupandisha namba. Unene huishusha, na hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, maana linaweza kumficha mgonjwa. Mama ni mnene. Miguu ilivimba huku namba ikiwa ya wastani tu, na nashukuru daktari aliiamini miguu.

Tena, baba akianzishiwa dawa ya moyo yenye sakubitrili, ombeni NT-proBNP. Dawa hiyo huzuia kimeng'enya kinachovunja BNP, hivyo BNP inaweza kupanda hata mgonjwa akiwa anapata nafuu.

Kabla hajaruhusiwa, ulizeni kama kipimo kitarudiwa, na mtunze karatasi zote mbili, ya kwanza na ya marudio. Majibu ya figo yalitokaje?