Kuhusu rekodi za unyago wa Newala
Ndugu yangu, umeuliza kama ridhaa ya kungwi mmoja inatosha kuziweka kwenye kamusi elezo huria nyimbo za unyago ulizorekodi Newala. Haitoshi, kwa kuwa mafunzo yale ni amana ya makungwi wote na ya wanawake waliochezwa, ambao wenyewe hawayatamki mbele ya mtu asiyeyapitia. Leseni za Creative Commons zinazotumika huko, yaani ruhusa za wazi za kutumia kazi ya mtu, hazibatilishwi: ukishaziachia rekodi hizo chini yake, yeyote ataweza kuzinakili na hata kuziuza, wazee wakikataa baadaye au wasikatae. Kanuni za CARE za mwaka 2019, zinazohusu usimamizi wa data za jamii za asili, zinasisitiza mamlaka ya jamii hizo juu ya data zao. Ngoma ya mapiko, yaani ya vinyago ya Wamakonde, inayochezwa hadharani ni jambo jingine, ingawa hapo pia wachezaji waombwe kwanza.