Kunasa kiputo cha sabuni kinapopasuka: zima taa, punguza flashi

Mwaka mzima niliamini kwamba picha ya kiputo kinachopasuka inataka kamera ya bei mbaya. Kamera yangu, ile ile ninayoendea harusini, ina shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia) ya 1/4000 ya sekunde, na kila nilipojaribu nilipata kimoja kati ya viwili: kiputo kizima au ukuta mtupu. Nikaanza kudunduliza hela za kununua nyingine. Kama na wewe unadunduliza kwa sababu hiyo, ngoja kwanza.

Ukibonyeza kitufe, kamera nyingi za aina yangu huchukua makumi ya milisekunde kabla shata haijafunguka. Kiputo hakikusubiri. Utando wenye unene wa mikroni 1, yaani sehemu moja kwa elfu ya milimita, ukitobolewa, ukingo wa lile tundu hukimbia karibu mita 7 kwa sekunde. Kiputo chenye kipenyo cha sentimita 10 kinakuwa kimekwisha chote ndani ya milisekunde 22 hivi. Jicho linasema kimetoweka. Kwa kweli kimemenywa kama chungwa, kuanzia pale sindano ilipogusa hadi upande wa pili.

Kinachonasa tukio hilo ni mwako mfupi, na jambo hili ni la zamani. Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, alipiga picha za utando wa sabuni unaopasuka mwaka 1891 kwa mwanga wa cheche ya umeme. Mwaka 1904, mtafiti wa upigaji picha Lucien Bull alitumia cheche zinazofuatana huko Paris kuonyesha risasi ikipita ndani ya kiputo. Hawakuwa na shata ya 1/4000. Walikuwa na giza na cheche.

Basi fanya hivyo hivyo. Zima taa zote, ziba mwanga unaopenya dirishani, weka shata iwe wazi sekunde 1 au 2. Kwenye giza hakuna kinachoandikika. Picha inaingia pale tu flashi inapowaka.

Sasa lile lililonichelewesha kuliko yote: nilikuwa nawasha flashi kwa nguvu zote, nikidhani mwanga mwingi ndio msaada. Flashi ndogo ya kuchomeka juu ya kamera, ikiwaka kwa nguvu zote, inaweza kudumu hadi 1/300 ya sekunde. Kwa muda huo ukingo wa utando umesafiri zaidi ya sentimita 2, na unachopata ni ukungu. Ishushe hadi 1/128 ya nguvu zake. Hapo mwako wa flashi nyingi ndogo ni 1/20,000 ya sekunde au mfupi zaidi, na ukingo unasogea theluthi moja ya milimita tu. Mwanga utakuwa hafifu, ndiyo. Sogeza flashi hadi sentimita 40 kutoka kwenye kiputo, tumia mbili ukiweza, pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 800. (Flashi kubwa za studio ni habari nyingine. Baadhi yake, ukizipunguza nguvu, mwako unarefuka.)

Kubahatisha kwa mkono nimejaribu usiku mwingi na sikushauri. Mwite fundi wa elektroniki, au kaa mwenyewe na Arduino (kibao kidogo cha kompyuta unachokipangia kazi), leza ndogo na sensa ya mwanga. Sindano nimeifunga kwenye kijiti kinachoanguka. Inakata mstari wa leza karibu kabisa na kiputo, kisha kifaa kinahesabu milisekunde nilizokitajia na kufyatua flashi. Anza na 2, kisha 4, endelea hadi 20. Ila ukitumia flashi kuukuu, pima kwanza volti kwenye mguu wake. Zipo zinazotoa zaidi ya volti 200, na hizo huunguza kifaa na hata kamera. Fundi aweke optokapla katikati, kile kidude kinachopitisha ishara kwa mwanga bila kuunganisha umeme wa pande mbili.

Picha ya milisekunde 8 ndiyo niipendayo. Nusu ya kiputo imekwenda, na kwenye ukingo pamechomoza nyuzi za maji zinazokatika kuwa matone. Nusu iliyobaki imetulia, duara lake halijaharibika hata kidogo, kama vile habari haijaifikia.

Rangi nazo zinataka akili. Kiputo ni kioo: ukikimulika kwa flashi tupu utapata nukta mbili nyeupe na basi. Mimi nimetandika shuka jeupe mbele ya flashi, pana kuliko kiputo mara kadhaa, na nyuma ya kiputo nimeweka kitambaa cheusi. Kile kiputo kinaakisi shuka, na rangi zinajaa. Pasua mapema, rangi zikiwa bado zimekolea. Ukikawia, maji yanashuka chini, juu panakuwa peupe kisha peusi, na utando mwembamba hukimbia zaidi: unene ukipungua mara nne, mwendo unaongezeka mara mbili.

Sabuni: lita moja ya maji ya mvua, mililita 100 za sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, 50 za glisarini ya duka la dawa. Acha ilale usiku kucha, engua povu. Maji ya kisima chetu hapa Tanga yaliniangusha. Utotoni tulipuliza kwa bua la jani la mpapai, na hadi leo sijapata mrija bora kuliko huo. Unyevu wa pwani unasaidia viputo kudumu, lakini pangaboi lazima lizimwe, kwa hiyo andaa taulo la jasho.

Ukishazoea, jaza kiputo moshi wa ubani. Mimi naunyonya kutoka kwenye chetezo kwa bomba kubwa la sindano, kisha nausukuma taratibu ndani ya bua. Kwenye picha ya milisekunde 20 utando wote umekwisha, matone yametawanyika, na moshi bado umesimama pale hewani, mviringo.