Kwa Muzee wa Barabara: Mosi-oa-Tunya, mwezi wa nne au wa kumi?

Swali: Muzee, salamu kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mimi na mke wangu tunataka kwenda kuona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria Falls), kule Livingstone, Zambia. Shemeji yangu alienda mwezi wa nne, akarudi akilalamika kwamba aliona moshi mtupu na akalowa mpaka nguo za ndani. Jirani yangu alienda mwezi wa kumi, anasema alikuta mawe makavu. Nani ananidanganya?

Jibu: Hakuna, Mwalimu. Wote wawili walisimama upande wa Zambia na kila mmoja anasimulia alichokiona.

Mto Zambezi unaanzia kaskazini-magharibi mwa Zambia, karibu kabisa na mpaka wetu wa Kongo. Unaingia Angola, unarudi Zambia, kisha unatandaa kwenye mabonde ya Barotse, magharibi mwa Zambia, na kukaa huko wiki nyingi kabla ya kuteremka Livingstone. Ndiyo maana mvua ikishatuaga hapa Lubumbashi, mwezi wa nne, maporomoko ndiyo kwanza yanafikia kilele. Ukuta ule una upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108, na maji yote yanatumbukia kwenye ufa mwembamba. Mvuke hauna pa kwenda ila juu, halafu unarudi kama mvua huku mbingu ni nyeupe pe. Mwamvuli ni mzigo tu, maji yanakupiga hata kutoka chini. Shemeji hakuona kitu, lakini nina hakika aliyasikia mpaka kifuani.

Mwezi wa kumi mto umepungua. Mwamba wa upande wa Zambia uko juu zaidi, basi maji yanauacha na kukimbilia upande wa Zimbabwe. Jirani angevuka daraja la reli la mwaka 1905 angeyakuta, ila huo ni mpaka mwingine na pesa nyingine.

Wewe ni mwalimu, nenda mwezi wa saba, shule zimefungwa. Maji bado mengi, moshi umepungua, unaona ukuta. Bebeni sweta, usiku wa huko mwezi huo una baridi kweli. Na kama mwezi mpevu utaangukia siku zenu, ulizeni langoni: hifadhi hufunguliwa usiku watu waone upinde wa mvua unaotokana na mbalamwezi.

Msipite haraka kwenye kile kimsitu cha ukingoni. Watu wanakikimbia wakifuata picha. Kinaishi kwa ule mvuke tu: mikuyu, mipingo, mitambaazi inayoning'inia, kangaga zenye matone hata saa sita mchana. Ukirudi nyuma kidogo kuelekea maegesho, ni vumbi na miti mikavu ya mopane. Kutoka msituni njia inashuka hadi kidaraja cha miguu wanachokiita Knife-Edge. Sakafu yake inateleza, kwa hiyo mama avae viatu vya mpira, si vile vya kanisani. Simu itieni kwenye sashe ya plastiki na kuifunga vizuri. Makoti ya mvua yanakodishwa pale pale. Chakula msikishike mkononi: nyani wa pale wanaujua mfuko wa plastiki kuliko wewe, na hawaombi.

Kuhusu njia, mimi niliyeendesha basi la Lusaka nitasema moja tu. Ukishavuka mpaka pale Kasumbalesa, magari yanapita kushoto. Sisi tumezoea kutazama kushoto kwanza tunapokata barabara. Kule tazama kulia. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mfukoni, si chini ya begi, na mambo ya viza ulizeni konsula ya Zambia hapa hapa mjini kabla ya kukata tikiti. Franga zetu zinaishia mpakani, badilisheni kwacha. Na laleni Lusaka. Kutoka pale hadi Livingstone bado kuna karibu kilomita 480, na mtu aliyechoka huona maporomoko kwa jicho moja.

Swali: Muzee, kwa nini unapeleka pesa zetu Zambia wakati maporomoko ya Lofoi yako kwetu? *Mama wa Kampemba*

Jibu: Mama, umenishika. Lofoi, kwenye hifadhi ya Kundelungu, inaanguka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja. Kwa kimo, Mosi-oa-Tunya haiifikii hata nusu. Shida ni kwamba kiangazi inakonda sana, na masika ikinenepa njia inakuwa tope. Nenda masika yanapoisha, kwa gari lililoinuka juu, la magurudumu manne yanayovuta, na mafuta ya kwenda na kurudi uyajaze hapa mjini.